Je, Wajua? Si Kila Faili Linapaswa Kupanda Winguni

Ukifungua "Taarifa ya Mwezi.docx" katika Word, kompyuta hutengeneza kimyakimya faili lililofichwa liitwalo "~$arifa ya Mwezi.docx". Humo limo jina la aliyefungua waraka, ili mwenzake asiuhariri wakati huohuo. Ukiufunga, linafutika. Huduma za kuhifadhi winguni kama Dropbox na OneDrive haziyapandishi mafaili ya namna hii, na zinafanya vyema: waraka ukishafungwa, hayana faida kwa yeyote.

Programu nyingine ya wingu, Nextcloud, inakupa uhuru wa kuchagua mengine ya kuachwa. Katika mipangilio ya programu yake ya kompyuta kuna orodha ya mafaili ya kupuuzwa; andika humo *.mp4, na video mpya za aina hiyo hazitapakiwa. Kinyota kinasimama badala ya jina lolote. Kwa anayenunua bando, video za harusi peke yake zinaweza kulimaliza kabla barua ya kazi haijafika.

Lakini angalia sana: faili lililopuuzwa halina nakala winguni. Diski ikifa, nalo limekwenda. Kwa hiyo video unazozithamini uzinakili kwanza kwenye diski ya nje, ndipo uandike kanuni hiyo.