Punguza mdomo

Saa tatu usiku kibanda cha chipsi cha mtaani kwetu, hapa Ubungo, huwa na watu wengi kuliko zahanati. Karai linachemka, kabati la vioo linawaka taa, na kijana anayekaanga anajua oda zetu kabla hatujafungua mdomo. Mimi ni mtu wa zege: mayai mawili, mishikaki miwili, soda ya baridi.

"Anko, kama kawaida?"

Kama kawaida.

Mwezi uliopita nilipanda mizani. Kilo 91, na urefu wangu ni mita 1.70. Muuguzi akachukua uzito, akaugawa kwa urefu mara urefu, akapata 31 na kitu. Ukivuka 25 uzito umezidi. Ukifika 30 hicho ni kiribatumbo. Akaandika kwenye daftari, akaniambia bila kuinua macho: "Baba, punguza mdomo."

Nyumbani niliwasimulia, wakacheka. Shangazi yangu ndiyo kwanza alikuwa amenisifu kwamba nimenawiri. Tuliokulia miaka ya themanini na tisini tunamwelewa. Wakati ule kukonda kulikuwa habari mbaya. Kule Rakai, Uganda, watu waliuita Ukimwi "Slim", na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilohilo katika jarida la kitabibu. Mtu akipungua kilo tatu, mtaa mzima ulinong'ona. Kitambi kikawa cheti cha afya, na cheti hicho hakijafutwa hadi leo.

Nimekuwa nikilitafakari neno la yule muuguzi. Ni la kweli, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono akanilisha. Lakini tafiti za kitaifa za afya zinanipa shaka. Mwaka 2004/05, kati ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, asilimia 18 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2015/16 wakawa asilimia 28. Je, katika miaka hiyo kumi na moja wanawake wetu walipatwa na ulafi wa ghafla?

Wamarekani walilifikisha suala hili mahakamani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa Bronx, New York, kupitia wazazi wao, waliishtaki McDonald's kwamba chakula chake kiliwanenepesha na kuwaharibia afya. Januari 2003 Jaji Robert Sweet akaitupa kesi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayejua, au anayepaswa kujua, madhara ya kula chakula kile kupita kiasi, hawezi kuitaka sheria imkinge na tamaa yake. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 276 dhidi ya 139 muswada wa kuzuia kesi za namna hiyo, ingawa uliishia njiani kwenye Seneti.

Ila jaji huyo aliwaachia mlango nusu wazi. Aliwapa nafasi ya kurekebisha madai, maana kama chakula kina hatari ambayo mlaji wa kawaida hawezi kuifahamu, hapo mambo hubadilika. Mlango huo ndio unaonihusu. Viazi vyangu humenywa mbele ya macho yangu. Lakini yale mafuta yameingia karaini lini? Jioni hii, au juzi? Naona tu kwamba ni meusi na yanatoa povu, na kwamba chipsi zilizokaangwa nusu mchana zinarudishwa humo usiku ninapofika. Ningeuliza, ila nina njaa.

Halafu kuna jirani yangu, mama mwenye watoto watatu na chumba kimoja. Anashona nguo mjini, na mpaka avuke foleni ya magari ni saa mbili usiku. Niliwahi kumwambia, kwa ule ujuaji wetu wa kiume, kwamba maharage ni nafuu kuliko chipsi.

"Kaka, umehesabu mkaa?"

Sikuwa nimehesabu. Maharage yanataka saa mbili motoni, na saa mbili za mkaa ni pesa. Ukichelewa kurudi, yanaiva watoto wamelala. Kuyaloweka tangu asubuhi kunasaidia, naye hufanya hivyo siku akikumbuka. Chipsi za elfu mbili zinakuja zimeshaiva kwa mkaa wa mtu mwingine. Ndiyo maana "punguza mdomo" ni neno la haki likisemwa kwangu, mwenye jiko la gesi na friji, ninayetoka kazini saa kumi na moja. Likisemwa kwake linakuwa kejeli.

Hata soda ina habari yake. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, tena ikiwezekana aishie 25. Uingereza ilipotangaza kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi, iliyoanza Aprili 2018, viwanda vingi vilipunguza sukari kabla siku yenyewe haijafika. Wanywaji hawakuhitaji kuhubiriwa. Sisi tulipewa mazoezi: mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili tulimalizia kwa supu na chapati nne.

Jana usiku nilirudi kibandani nimejiandaa. Nikaagiza yai moja, kachumbari nyingi, soda hapana. Kijana akanitazama kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza mafuta yamebadilishwa lini, akacheka, akaniomba nisubiri kidogo kwanza amalize kula. Kwenye sahani yake, kutoka kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, kulikuwa na ugali wa dona, dagaa na mchicha.