Maji Mapafuni kwa Waogeleaji

Je, unajua kuwa mapafu ya mwogeleaji yanaweza kuingia maji hata kama hakumeza tone? Huko Vansbro, nchini Uswidi, watu hushindana kuogelea mtoni kilomita 3 kila mwaka. Mto huo ni wa baridi. Baridi hubana mishipa ya mikono na miguu. Damu nyingi hurudi kifuani. Moyo huelemewa, na majimaji ya damu huvujia mapafuni.

Dalili zake ni kuhema sana, kukohoa na kutoa povu, pengine lenye damu.

Ukiziona, usijikaze. Toka majini upesi. Keti wima, vua nguo zinazobana, jifunike upate joto, kisha nenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu ajihadhari zaidi.

Kumbuka: uhai ni bora kuliko ushindi.