Mvulana anayekataa chakula, na riwaya zilizomwona

MVULANA akikonda katika kata ya Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, watu hawakosi sababu. Watasema ni njaa, kifua kikuu, vumbi la makarasha au kazi ya maduarani. Si porojo: ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Shinyanga, Geita na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Lakini wingi wa sababu hizo waweza kumficha kijana mwingine, yule ambaye chakula kipo naye anakikataa.

Ugonjwa huo huitwa anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa hata akibaki mifupa, na ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wengi huudhania kuwa wa wasichana, tena wa matajiri. Hata hivyo, tabibu Mwingereza Richard Morton, alipouandikia mwaka 1689, alieleza wagonjwa wawili: binti wa miaka 18 na mvulana wa miaka 16. Ajabu ni kwamba hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa ukitaja kukoma kwa hedhi kuwa kigezo kimojawapo. Mvulana angekitimizaje?

Waandishi wa riwaya za vijana wa huko wamejaribu kuliziba pengo hilo. Katika A Trick of the Light (2013) ya Lois Metzger, anayesimulia ni sauti iliyomo kichwani mwa Mike, mwenye miaka 15; humbembeleza kama rafiki huku ikimmaliza. Katika The Art of Starving (2017) ya Sam J. Miller, Matt anaamini kuwa njaa inampa uwezo usio wa kawaida. Hapo ndipo riwaya inapoizidi karatasi ya daktari: inaonyesha kwa nini mgonjwa hataki kupona.

Riwaya ya Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo, inayofahamika sana mashuleni Tanzania, inawafuata watoto wanaohangaikia riziki hadi jalalani Dar es Salaam. Humo chakula ni kitu kinachokosekana, na ni haki kiandikwe hivyo. Kijana anayekikimbia ni kisa kingine.

Naye si rahisi kumbaini, hasa panapoliwa sinia moja, kwani hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Dalili zake ni kukwepa kula na wenzake, kudai ameshakula kwingine, kufanya mazoezi kupita kiasi na kujificha ndani ya nguo pana. Kijana wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, na mhudumu aelezwe wazi kwamba nyumbani chakula kipo.