Kama kiti cha Kasongo kingekuwa na mrithi

Zanzibar, Tippu Tip, Sefu, Ngongo Lutete: kama urithi ungepita njia ingine, Maniema ingekuwa ya nani? Na swali hilo linatuhusu nini sisi watu wa mashimo?

Leo tuweke kando kidogo bei ya kasiterite, tuongelee wafalme. Mutaona kama habari yao na yetu haziko mbali.

Kule Uingereza, watu wa kupenda historia hawachoki na swali moja: kama mtoto wa mfalme hangezama? Tarehe 25 Novemba 1120, usiku, Merikebu Nyeupe ilitoka bandari ya Barfleur, upande wa Ufaransa. Watu wa chombo walikuwa wamelewa divai, na mwenye kuwapa divai hiyo ni William mwenyewe, mtoto wa Mfalme Henry wa kwanza. Chombo kikagonga mwamba. William akafa maji, na mfalme hakuwa na mtoto mwingine mwanaume wa ndoa. Akawaapisha wakubwa wa nchi wamukubali binti yake Matilda. Lakini mfalme alipokufa 1135, mpwa wake Stephen akakimbia mbio akakalia kiti. Vita ikaendelea mpaka 1153, ndipo mwaka uliofuata mtoto wa Matilda, Henry wa pili, akapata ufalme. Kiapo kilikuwako, lakini wengi wa wale walioapa walikisahau siku moja tu mzee alipofunga macho.

Swali la namna hiyo si la Wazungu tu. Siye tunaokaa kando ya Lualaba tuko na la kwetu, na ni kubwa zaidi.

Mzee anafia baharini

Tuanzie Zanzibar, ju ya njia ya pembe ilianzia huko mpaka hapa. Seyyid Said, aliyetawala Omani na Zanzibar pamoja, alifia kwenye merikebu tarehe 19 Oktoba 1856. Mtoto mmoja, Thuwaini, alishika Muscat. Mwingine, Majid, alishika Zanzibar. Wa tatu, Barghash, aliyekuwa na baba yake ndani ya merikebu, alijaribu kunyang'anya kiti akashindwa. 1859 akajaribu tena, Waingereza wakasaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Nani aliamua mashauri ya wandugu hao? Mgeni. Mwaka 1861, Lord Canning, mkubwa wa Waingereza kule India, alikata neno: Zanzibar iwe peke yake, Omani peke yake, na Zanzibar ilipe Muscat reale 40.000 kila mwaka. Ufalme ukapasuka vipande viwili. Barghash alipata kiti 1870, Majid alipokufa, lakini alirithi nusu ya nguvu ya baba.

Kama wandugu hao wangesikilizana, na merikebu za Omani zikabaki pamoja na mali ya Zanzibar? Mie naona Waingereza wangekuja tu. Lakini wangemkuta mtu wa kuongea naye, si watoto wanaokimbilia kwa mgeni kila mara wanapogombana.

Mjukuu anayetoka mbali

Sasa tuje huku kwetu. Kabla ya kuwa mkubwa wa Kasongo, Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alipata kiti cha kienyeji kwa maneno ya mdomo. Yeye mwenyewe alieleza ndani ya habari za maisha yake, alizozitoa kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1870 hivi alifika Utetera, kwa mfalme mzee Kasongo Rushie. Njiani alikuwa amesikia kama dada wa mfalme walichukuliwa zamani vitani, hawakurudi tena. Tippu Tip akasema: mmoja wa dada hao ni bibi yangu, mie ni mjukuu wenu. Mzee akafurahi, akamukabizi nchi, pembe na watu.

Ona hiyo, ndugu yangu. Bunduki zilikuwako nyuma yake, ni kweli. Lakini mlango ulifunguliwa na hadithi ya ukoo. Hakukuwa na mtu wa kusimama aseme: tuhesabu vizazi, tuite mashahidi. Kama angekuwako?

Sultani anaacha bara

Mwaka 1883 Barghash alimutuma Tippu Tip arudi Maniema aishike kwa jina la Sultani. Lakini 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, na Barghash hakuwa na kiti pale. Agosti 1885 manowari za Wadachi zikasimama mbele ya nyumba yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakamupimia pwani: maili kumi tu kutoka baharini. Mwaka huo Tippu Tip alipofika, Sultani akamwambia hana tena nguvu ya kushika bara. Februari 1887 Tippu Tip akatia sahihi na Stanley: akawa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mushahara wa paundi 30 kwa mwezi. Bendera ya Leopold ikapandishwa na mtu wa Zanzibar.

Kama Barghash angekaza mkono? Musijidanganye kwamba Maniema ingekuwa huru. Pwani yote ya upande huo ilikwenda kwa Wadachi, halafu baada ya vita ya 1914 kwa Waingereza. Pengine nasi tungekwenda njia hiyo, tukaitwa Watanganyika. Kasiterite ya Kalima ingepita Kigoma mpaka Dar es Salaam, na gazeti hili lingeandikwa Kiswahili lote, si ukurasa mmoja. Lakini mchimbaji angekuwa ndani ya shimo lilelile.

Kasongo bila mwenyewe

Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Zanzibar, ju ya Stanley alikuwa amemushitaki. Hakurudi tena, alifia huko 1905. Kasongo ikabaki kwa mtoto wake Sefu. Upande wa Lomami, kule Ngandu, alikuwako Ngongo Lutete. Huyo hakuwa wa damu ya Tippu Tip, lakini alikuwa na askari wengi, na kazi ngumu yeye ndiye aliifanya. Mwaka 1892 majeshi ya Leta yalimupiga, na Septemba akahama: akatoka kwa Sefu, akaingia kwa Leta. Sefu akataka arudishiwe mtu wake, wakamukatalia, vita ikawaka.

Machi 1893 Dhanis alichukua Nyangwe. Aprili akachukua Kasongo. Sefu aliuawa mwaka uleule. Na Ngongo? Septemba 1893, Dhanis akiwa mbali, maofisa wa Leta walimushitaki kwamba ni msaliti, wakamupiga risasi kwake Ngandu. Hiyo ndiyo shukrani aliyopata. Askari wake waliobaki jeshini hawakusahau: 1895 waliasi kule Luluabourg.

Kama Tippu Tip, kabla ya kupanda njia, angewakalisha Sefu na Ngongo mbele ya wazee, akasema huyu atakuwa na hiki, yule na kile? Pengine Dhanis angekuta ukuta mmoja. Leopold alikuwa na mizinga, angeweza kushinda hata hivyo. Wala tusililie utawala ule: ulikula pembe na watumwa, na mababu wetu wengi walitembea na kamba shingoni. Lakini kitu kimoja ni wazi. Mwenye kufanya kazi asipohesabiwa nyumbani, atasikiliza yule anayemuita kutoka inje.

Shimo na karatasi

Sasa tuhesabu. Wandugu wa Zanzibar waliamuliwa na Canning. Kiti cha Utetera kilikwenda kwa mwenye hadithi. Sefu na Ngongo waliamuliwa na Leta. Kila mahali mrithi hajulikani vizuri, mgeni ndiye hakimu, na hakimu hatoki mikono mitupu.

Leo hakuna Sultani, lakini urithi uko. Sheria ya madini, tangu ilivyobadilishwa 2018, inagawa pato la madini: 50 kwa mia kwa Leta, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta ao mji wa pale wanapochimba, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Hiyo 15 inapita mkononi mwa nani? Sheferi ikiwa na wakubwa wawili wanaogombana, kila mmoja na muhuri wake, barabara haitatengenezwa, na kompanyi itachagua yule aliye mrahisi. Sheria ya machefu wa kienyeji ya 2015 iko. Wazee waandike vizazi na wajulishe watu mrithi wakiwa bado wazima.

Hata ndani ya sendika. Delege akifa ao akihama, daftari za michango na mapatano na kompanyi ziko wapi? Zikiwa kichwani mwake tu, tumemuzika nazo.

Na nyumbani kwako, mchimbaji. Shimo linaweza kuanguka kesho. Mke wako anajua kontra yako iko wapi? Watoto wako na karatasi ya kuzaliwa? Ndoa yenu imeandikwa? Mie nimeona mjane akirudishwa mara nyingi mbele ya ofisi, na ndugu wa mume wakiingia kwa mlango mwingine, kila mmoja anasema yeye ndiye mwenye haki. Huyo mjane hakupoteza ufalme. Alipoteza mushahara wa mwisho wa bwana yake na nyumba ya vyumba viwili, na kwake hiyo ni zaidi ya ufalme.

Wafalme walikuwa na mizinga na merikebu, na bado walishindwa kuandika jambo hili. Siye tuko na kalamu na daftari. Yatosha jioni moja.