Mtoto Anayezubaa Darasani



Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka minane. Alikuwa akisoma vizuri, mara hunyamaza katikati ya aya, macho kayakodoa na kope zikipepesa. Baada ya sekunde kumi hivi huzinduka, wala hajui alikomea wapi. Mara mbili nilimsimamisha ukutani kwa uzembe. Wenzake walisema ana shetani. Daktari ndiye aliyetwambia kuwa ile ni aina ya kifafa, nami ikanibidi nisome.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliurekodi umeme huo kwa mara ya kwanza kutoka kichwani mwa binadamu. Aliona mawimbi yakipanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde mtu anapofumba macho. Nani basi anayeongoza mdundo huo, kama mpiga dufu wa mbele? Hakuna mmoja. Sehemu kubwa ya siri imo katika tabia ya kila seli.

Chukua thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo inayopitisha habari za macho na masikio. Seli yake ikiwa imechangamka, hutoa pigo moja moja kufuata habari inayoingia. Lakini ikitulizwa kwa muda, vijilango vyake vya kupitishia kalsiamu hujitega. Ni kama mtego wa panya, lazima kwanza utegwe ndipo uweze kufyatuka. Seli ikiachiwa, vijilango hufunguka na mapigo hutoka mfululizo. Rodolfo Llinás na Henrik Jahnsen waliieleza tabia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa, pembeni mwa seli hizo zipo nyingine ambazo kazi yao ni kutuliza. Zikipata yale mapigo, huzituliza seli za kwanza, na kutulizwa huko ndiko kunakotega mtego upya. Mzunguko unazaliwa. Tukiwa usingizini mizunguko ya namna hii ni ya kawaida. Kwa mtoto huyu ilimjia akiwa macho, ikishirikiana na tabaka la juu la ubongo, kama mara 3 kwa sekunde. Muda huo habari hazipiti, kwa hiyo hata ukimpigia kelele hakusikii.

Daktari alimwambia avute pumzi haraka haraka kwa dakika chache huku mashine ikirekodi, na mawimbi yakaonekana. Dawa iitwayo ethosuksimidi hupunguza kalsiamu inayopita katika vijilango vile vile. Watoto wengi hupona kabisa wakikua, ila dawa isiachwe bila ya daktari kusema.

Mzazi ukiona mwanao anazubaa hivyo mara kwa mara kwa siku, andika ni mara ngapi na kwa muda gani, umpeleke hospitali na karatasi hiyo. Mimi nilimwomba radhi kijana wangu mbele ya wenzake. Sasa akinyamaza, jirani yake humngoja, kisha humwonyesha kwa kidole pale alipoishia.