Hunisikilizi, au Hunisikii?

Malalamiko haya tunayasikia sana kwa akina mama walioolewa na wanajeshi. Baba anafungua redio kwa sauti ya juu mno. Akiulizwa hili, anajibu lile. Mtoto akimwita kwa nyuma, hageuki. Wengi wetu huiita hali hiyo dharau au ukali wa kambini. Lakini mara nyingi si dharau, ni jeraha.

Ndani ya sikio mna chembe laini zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa, hazioti tena. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi, lakini mlio wa bunduki ya kijeshi hupita 150. Mlipuko mmoja wa karibu waweza kuziharibu papo hapo. Kelele za mazoezi, vifaru na ndege za kivita huziua polepole.

Katika vita vya mwaka 1978 na 1979, makombora ya jeshi la Tanzania yalivuma hata wananchi wa Uganda wakayaita Saba Saba. Vijana waliokuwa karibu na mizinga ile sasa ni mababu, na uzee nao hupunguza usikivu. Huko Marekani, wanajeshi wa zamani zaidi ya milioni 2 hulipwa fidia kwa sababu ya mlio usiokoma masikioni. Mlio huo hunyima watu usingizi, na asiyelala hasira zake huwa karibu.

Tena, sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Baba husikia ngurumo ya lori, lakini sauti ya mkewe na ya watoto haimfikii sawasawa. Ukisema "saa", yeye asikia "taa". Kwa aibu hujitenga: harusini hukaa pembeni, na katika kikao cha ukoo hunyamaza. Mke naye huchoka kurudia, akaacha kumsimulia mambo madogo madogo ya siku. Na ndoa hulishwa na mambo hayo.

Tufanye nini? Kwanza, tusipige kelele, maana kelele haiyafanyi maneno kuwa wazi. Tuzime redio, tumkaribie, aone midomo yetu, kisha tuseme taratibu. Watoto tuwafundishe kumgusa bega kabla ya kuzungumza naye.

Pili, tumsindikize hospitali apimwe masikio. Pengine ni nta tu, nayo hutolewa. Kama usikivu umepotea, kifaa cha kusaidia kusikia chaweza kumrudisha katika mazungumzo ya nyumbani.

Tatu, vijana wetu walioko jeshini tuwahimize kuvaa vizibo vya masikio wakati wa kulenga shabaha. Uziwi wa namna hii hauna dawa ya kuuponya, lakini kinga ipo.

Basi mama, kabla hujasema tena, "Hunisikilizi!", msogelee na umwulize kwa upole: "Baba Neema, umenisikia?" Huenda jibu lake likakuondolea kinyongo cha miaka mingi.