Kitambi si Cheo

Wengi wetu husifu kitambi kuwa dalili ya mshahara mzuri. Lakini mafuta ya tumboni huleta kisukari na shinikizo la damu, na mgonjwa hupoteza siku za kazi. Mkata miwa hasumbuliwi sana. Anayeketi mchana kutwa penye mashine au langoni ndiye ajihadhari.

Kulala chali na kujiinua hukaza misuli tu. Mafuta yaliyo juu yake hubaki. Anza na vinywaji: soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 7 hivi vya chai, na bia nayo hunenepesha. Punguza ugali, ongeza maharagwe na mboga. Tembea upesi nusu saa, siku 5 kwa juma. Kila mwezi pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke 80, aende zahanati akapimwe.